Mama (72) kamaliza vikao 20 vya mazoezi ya mawimbi ya ubongo na kachangamka kweli. Ni mashine au ni kitu kingine?

#1 Mjukuu wa Tatu

Wakuu salaam. Nina jambo linalotugawanya nyumbani.

Mama yangu ana miaka 72, mwalimu mstaafu. Mwaka jana alianza kupotewa na maneno katikati ya sentensi, anaingia chumbani anasahau alichofuata, anasoma ukurasa mmoja mara tatu. Daktari akampima, akasema hii si dimenshia, ni umri, tumwangalie tu. Dada yangu hakuridhika, akampeleka kituo kimoja wanakofanya mazoezi ya mrejesho wa ubongo. Anavalishwa kofia yenye nyaya, anakaa mbele ya skrini yenye picha ya jahazi. Mawimbi ya ubongo yakienda wanavyotaka wao, jahazi linasonga. Yakienda kombo, linasimama. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Nusu saa, mara mbili kwa wiki, vikao 20.

Sasa jamani, mama amebadilika. Anafuata maongezi ya watu wanne kwa pamoja, amerudia vitabu vyake, ananisahihisha sarufi kwenye ujumbe wa simu. Kabla ya kuanza alisomewa orodha ya maneno 15, akakumbuka 5. Alipomaliza vikao akakumbuka 9. Dada anauliza, unataka ushahidi gani tena? Mimi moyo unasita ila hoja sina. Wenye ujuzi karibuni.

#2 Kichwa Maji

Mkuu hiyo kofia mkishamaliza niazimeni. Hii ni akaunti yangu ya tatu humu, mbili za kwanza nimesahau nywila.

#3 Fundi Mawimbi

Nimerekodi EEG (mawimbi ya umeme wa ubongo) za watu kwa miaka mingi, kwa hiyo niweke msingi kabla hajatokea mtu wa kusema mama katiwa umeme. Hakuna umeme unaoingia kichwani. Kofia inasikiliza tu. Na inachosikia ni kidogo mno, makumi ya mikrovolti, ndiyo maana wanapaka jeli na kukusihi usitikisike.

Aliyerekodi mawimbi haya kwa binadamu mara ya kwanza ni Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, mwaka 1929. Alichokiona mapema ni alfa: mtu akifumba macho akatulia, linatokea wimbi la kama mara 10 kwa sekunde, akifumbua linazimika. Siku hizi tunagawa hivi: delta chini ya 4 Hz (Hz ni mara kwa sekunde), theta 4 hadi 8, alfa 8 hadi 12 au 13, beta hadi 30, juu ya hapo gama.

Wazee wanaingiaje? Umri ukisogea, kilele cha alfa hushuka taratibu. Kijana yuko jirani na 10 Hz, mzee anaweza kukutwa 9 au chini yake. Na theta iliyozidi wakati mtu amepumzika imehusishwa na akili kudorora baadaye. Basi watu wakawaza: ubongo ukionyeshwa wimbi lake papo kwa papo, ukapewa tuzo unapolisogeza upande unaotakiwa, utajifunza kulisogeza, na huenda kufikiri nako kutafuata. Swali lako lote, mkuu, limelala kwenye hilo "huenda".

#4 Shaka Tele

Biashara ya kuuza hofu ya uzee, basi. Mmesahau Lumosity? Mahakama ya Marekani iliwapiga faini ya dola milioni 50 kwa kudanganya wazee kuwa kofia zao zinazuia kusahau. Dada yako kaliwa, pole yake.

#5 Hesabu Kavu

Shaka, upande wako ninaupenda ila takwimu zako zinaniumiza. Lumosity hawakuuza kofia, waliuza michezo ya kompyuta na simu. Aliyewafuata ni tume ya biashara ya Marekani, Januari 2016. Hukumu iliandikwa dola milioni 50 lakini ikasitishwa baada ya kampuni kukubali kulipa milioni 2, kwa sababu ya hali yao ya fedha. Kosa lao lilikuwa kutangaza faida wasizo na ushahidi nazo. Hilo halisemi lolote kuhusu jahazi la mama wa mleta uzi.

Na Fundi, Berger alirekodi 1924. Mwaka 1929 ndipo alipochapisha. Alikaa nayo miaka mitano akihofia kuchekwa na wenzake.

#6 Fundi Mawimbi

@Hesabu Kavu sawa, 1924. Kalamu iliteleza.

#7 Bibi Mtandao

Wajukuu, mimi nina miaka 74 na nimeivaa hiyo kofia, kwa hiyo nisemeni kwa adabu.

Mimi sikupewa jahazi, nilipewa mlio. Mlio mtamu maana yake unafanya vizuri. Kikao cha kwanza nilihangaika, nikajaribu kuwaza bahari, nikajaribu kukumbuka meza za kuzidisha, mlio haukuja. Kikao cha tatu nikagundua siri: nikifumba macho mlio unamiminika kama bomba. Kijana akaniambia hapana mama, fumbua. Kikao cha tano nikagundua siri nyingine: nikibana meno, mashine inachanganyikiwa. Cha nane nilisinzia, na naapa ilinisifia.

Lakini baadaye kuna kitu kilitokea ambacho siwezi kukieleza. Nilikuwa nakaa tu, sijitumi, sijalala, na mlio unakuja wenyewe. Ukiufukuzia unakimbia, ukiuacha unarudi. Nilipotoka pale kichwa kilikuwa chepesi. Kumbukumbu? Sijui. Miwani bado naitafuta huku nimeivaa.

#8 Kichwa Maji

Bibi umewaibia mtihani mpaka mashine. Heshima kwako.

#9 Fundi Mawimbi

Bibi, umefundisha somo zima bila malipo. Kufumba macho kunapandisha alfa kwa mtu yeyote, Berger alishaliona. Kubana meno kunaleta umeme wa misuli ya taya, ambao ni mkubwa kuliko wa ubongo na unajifanya beta na gama. Kusinzia kunazima alfa na kuleta theta. Kituo makini huweka kichujio cha misuli na cha kupepesa macho, na mhudumu huangalia mawimbi ghafi badala ya kuangalia jahazi. Kituo kisicho makini kinaweza kumfundisha mzee wa watu kubana meno kwa vikao 20 na kumpa cheti.

Na hilo la kutojituma wengi wanalisema. Mtafiti Joe Kamiya kule Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwauliza watu kila kengele ikilia: uko kwenye alfa au hauko? Baada ya muda wengine wakawa wanapatia mara nyingi, na wakiulizwa wanajuaje, maelezo hayakamatiki.

#10 Hesabu Kavu

Turudi kwa mleta uzi. Kutoka 5 hadi 9. Maswali matatu:

Orodha ilikuwa ileile mara zote mbili? Maana mtu akipimwa mara ya pili kwa kipimo kilekile hufanya vizuri zaidi hata kama katikati alikuwa amelala tu.

Siku ya kwanza mama alikuwaje? Watu huenda kupimwa hali ikiwa mbaya kuliko kawaida yao. Ukimpima tena siku yoyote, uwezekano mkubwa utamkuta amepanda.

Nani aliyemsomea? Kama ni yuleyule anayeuza vikao, aaah.

Kuhusu tafiti zenyewe, zipo, ila ni ndogo. Mwaka 2007 kuna waliofundisha wazee kupandisha kilele cha alfa: watu 6. Kasi ya kuchakata mambo na uwezo wa kupanga vilionekana kupanda, kumbukumbu hapana. Mwaka 2012, Mexico, wazee 14 wazima wenye theta iliyozidi wakafundishwa kuipunguza, wengine wakipewa mrejesho bandia, yaani usiotokana na mawimbi yao. Waliopata mrejesho halisi waliendelea vizuri zaidi kwenye mawimbi na kwenye vipimo kadhaa vya akili. Mwaka 2014 wengine wakajaribu beta na gama kwa wazee 20: mawimbi yalisogea kama yalivyotakiwa, kufikiri hakukusogea. Sasa linganisha na utafiti wa ACTIVE wa Marekani, ambao ni mazoezi ya akili bila kofia: watu 2,832 wa miaka 65 na kuendelea. Huwezi kuziweka kwenye mzani mmoja.

#11 Msomaji Kimya

Naingia kwa mara ya kwanza, nimevutiwa. Mbona kuna wanaosema theta ya mbele katikati ya kichwa IPANDISHWE kwa wazee ili wawe makini? Niliona utafiti wa Taiwan wa 2013, umakini na kushika mambo kichwani viliongezeka. Na Hesabu hapo juu anasema Mexico waliishusha. Ipi ni ipi?

#12 Shaka Tele

Hahaha! Wapandishe, washushe, mteja alipe. Nimepumzika.

#13 Fundi Mawimbi

@Msomaji Kimya hazigombani. Theta ya Mexico ni ile iliyotapakaa mtu akiwa amekaa tu, dalili ya ubongo uliopoa. Ya Taiwan ni ya eneo la paji kwa katikati, inayojitokeza unapokaza akili kwenye kazi. Jina moja, shughuli mbili. Ni kama kelele ya injini: gari likiwa limesimama inakutia wasiwasi, likipanda mlima unaitarajia. Ndiyo maana mtu akikuambia "tunarekebisha theta" bila kusema wapi na wakati gani, hajakuambia kitu.

@Shaka, kwa kuwa unapenda kucheka, nikupe paka. Miaka ya 1960 mtafiti Barry Sterman wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, alifundisha paka kutoa wimbi la 12 hadi 15 Hz kwa kuwapa chakula kila walipolitoa. Baadaye, kwenye kazi tofauti kabisa, akawa anapima sumu ya fueli ya roketi kwa paka. Wale waliowahi kufundishwa wakachelewa kupata degedege kuliko wenzao. Mwaka 1972 akachapisha kisa cha mgonjwa wa kifafa aliyefundishwa vivyo hivyo na kupungukiwa na degedege. Paka hajui plasebo (kupata nafuu kwa kuamini tu umetibiwa), ndugu yangu. Paka hamfurahishi daktari.

#14 Shaka Tele

Paka nimemkubali. Ila degedege si kufikiri. Niletee paka aliyekumbuka maneno 9 kati ya 15.

Na kwa binadamu, 2017 huko Austria walichukua watu wenye shida ya usingizi, wakawapa mrejesho halisi na wa bandia. Makundi yote mawili yakasema yanalala vizuri zaidi. Sawasawa. Hapo unasemaje?

#15 Fundi Mawimbi

Nasema ule ulikuwa usingizi, na uzi ni wa kufikiri. Lakini nakubali, umenichoma.

#16 Mama Pacha

Mimi ni muuguzi, nauliza vitu vya kawaida. Mleta uzi, katika miezi hiyo mama amebadilishiwa dawa yoyote? Zipo dawa za mzio na za usingizi, zile zinazokausha mdomo, ambazo kwa mzee hufunika akili kama ukungu. Ukiziondoa, mtu anarudi. Tezi ya shingo ikizubaa, vitamini B12 ikipungua, sonona, kukoroma na kukatika pumzi usiku, vyote vinaiga uzee wa akili na vyote vina tiba. Nimeshaona familia imeanza kugawana urithi kumbe mzee ana upungufu wa B12.

#17 Mjukuu wa Tatu

Dah. @Mama Pacha umenipiga pabaya. Alikuwa anakunywa vidonge vya mzio kila usiku kwa miaka, anasema vinamsaidia kulala. Daktari alivikata karibu wiki moja kabla ya kofia kuanza. Hatukuwahi kuunganisha.

Na kuna jingine. Kituo kiko mwendo wa dakika 25 kwa miguu, mama alikataa gari. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki anatembea kwenda na kurudi, jambo ambalo hakulifanya tangu astaafu.

@Hesabu Kavu orodha ilikuwa ileile, na aliyesoma ni yuleyule. Usinicheke.

#18 Hesabu Kavu

Sikucheki, nakuhurumia.

#19 Shaka Tele

Jibu limepatikana, miguu! Utafiti wa 2011: wazee 120, nusu walitembea kwa mwaka mzima, na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayobeba kumbukumbu, ikakua kwa asilimia 2. Viatu vya mama ndiyo mashine. Mods fungeni uzi.

#20 Hesabu Kavu

Usifunge bado. Utafiti huo naujua. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo, na hipokampasi yao ilipungua. Mpaka hapo uko sahihi. Lakini kwenye kipimo chenyewe cha kumbukumbu, makundi yote mawili yalipanda, na waliotembea hawakuwaacha wenzao. Unaona ugonjwa uleule? Kwenye kofia mawimbi yanasogea na mtihani hausogei. Kwenye viatu ubongo unanenepa na mtihani hautofautishi. Ukiwatupia Fundi na wenzake jiwe hili, litarudi kwenye viatu vyako.

#21 Kichwa Maji

Shaka kapigwa na kiatu chake mwenyewe 😂

#22 Bibi Mtandao

Mnajadili mawimbi na viatu. Mimi niwaambie kilichonipeleka kikao cha tisa hadi cha mwisho. Pale kuna kijana ananitazama kwa nusu saa nzima. Haangalii simu. Ananiuliza leo umejisikiaje, anasubiri jibu, anaandika. Nyumbani nikisema neno nusu, wajukuu wananimalizia sentensi. Mtu akimaliziwa sentensi mwaka mzima, anaacha kuzitafuta mwenyewe.

Mtoto wangu alininunulia kile kimkanda cha kuvaa kwenye paji la uso, nifanyie nyumbani. Wiki mbili nikakiweka kabatini. Kilikuwa kinalia vizuri tu, ila hakikuwa na wa kuniuliza.

#23 Mama Pacha

Bibi, nimesoma mara mbili. Mimi humalizia wagonjwa sentensi kila siku.

#24 Msomaji Kimya

Vimkanda vya nyumbani vikoje, Fundi? Nilikuwa nataka kumnunulia baba.

#25 Fundi Mawimbi

Vina vihisio vichache, na vingi vimekaa kwenye paji, mahali ambapo nyusi na macho yanapiga kelele kuliko sehemu zote. Alfa nzuri iko kisogoni. Kwa kujifunza kutulia, sawa. Kwa kudai unafundisha ubongo wa mzee bendi maalumu, hapana. Na kama baba amewahi kupata kifafa, asianze bila daktari wake kujua. Wapo pia wanaotoka na kichwa kuuma au uchovu, hilo wauzaji hawaliandiki.

#26 Mjukuu wa Tatu

Fundi, kwa ushauri wako wa kuangalia mawimbi badala ya jahazi, nilikwenda kituoni kuomba rekodi. Wamenipa grafu ya vikao vyote 20. Wanasema lengo lilikuwa alfa ya juu. Naomba unisomee, maana mimi naona mstari umelala. Kikao cha kwanza na cha ishirini ni kama pacha. Yaani mama kachangamka lakini alfa haikupanda!

#27 Shaka Tele

😂😂😂 Nimeanguka kwenye kiti.

#28 Fundi Mawimbi

Nimeiona. Ni kweli, wastani wa kikao kwa kikao haukusogea. Kabla hamjanizika: wapo watu wasiojifunza kabisa kuongoza wimbi hata wafundishwe vipi, kila maabara inawajua. Pia kuna wanaopanda ndani ya kikao na kushuka kikiisha, wastani huo unawaficha. Ningetaka kuona dakika tano za mwanzo na tano za mwisho, na EEG ya kupumzika kabla na baada. Je, walirekodi?

#29 Mjukuu wa Tatu

Wanasema ya kabla ipo. Ya baada hawakufanya kwa sababu "matokeo yanaonekana".

#30 Fundi Mawimbi

Basi hapo siwatetei.

#31 Hesabu Kavu

Shaka nawe punguza sherehe. Grafu iliyolala inasema mama hakujifunza kupandisha alfa. Haisemi kukaa nusu saa akifuatilia jahazi bila kuachia, mara 20, hakukumsaidia chochote. Huenda mazoezi ya umakini ndiyo kazi yenyewe na alfa ni pambo. Huenda ni vidonge vya mzio. Huenda ni kijana wa Bibi. Kwa mama mmoja hutavitenganisha. Ukitaka kujaribu, mtafutie orodha nyingine ya maneno, asome mtu asiyejua lolote, mpumzishe kofia miezi miwili huku akiendelea kutembea, kisha mpime tena.

#32 Msomaji Kimya

Na ile michezo ya ACTIVE je, si bora baba aanze nayo? Niliona wanasema inazuia dimenshia kwa asilimia 29.

#33 Hesabu Kavu

Taratibu. Yalikuwa makundi matatu: kumbukumbu, kufikiri kwa hoja, na kasi ya macho kunasa vitu kwenye skrini. Ni la kasi tu lililoonekana kuwa na hatari ndogo kwa asilimia 29 katika miaka 10, taarifa ya 2017. Mengine yalikuwa mazuri kwenye kile kilichofundishwa, na hapo ndipo tatizo la mazoezi haya yote: aliyefundishwa mafumbo ya maneno anakuwa bingwa wa mafumbo ya maneno.

#34 Kichwa Maji

Babu yangu ni bingwa wa drafti na bado ananiita kwa jina la marehemu mbwa wetu. Nathibitisha.

#35 Mjukuu wa Tatu

Nimemsomea mama uzi huu wote. Amesema yeye anaendelea kwenda, alfa ipande isipande, na kwamba Shaka Tele hajui kuweka alama za mshangao.

#36 Mama Pacha

Msalimie. Nina swali moja limenikaa tangu #1. Umesema ALISOMEWA maneno 15, kwa sauti. Na umesema siku hizi anafuata maongezi ya watu wanne. Masikio yake yamewahi kuangaliwa?

#37 Mjukuu wa Tatu

Yalisafishwa. Upande wa kulia ulikuwa umeziba kabisa. Ilikuwa kabla ya kofia au baada yake... ngoja nimpigie dada.